Makao ya Pili ya Gorila wa Kasugho

Kumtafutia makao mapya mnyama ambaye binadamu amemwondoa katika maisha yake, au amemaliza kumtumia, ni wajibu unaojulikana vyema kwa wafugaji wa farasi wa polo, yaani ule mchezo ambao wachezaji hupiga mpira kwa fimbo ndefu wakiwa wamepanda farasi. Farasi akizeeka, akashindwa kukimbia na kugeuka ghafla, huweza kupelekwa kwenye shamba lenye malisho au kwa watu wanaofundisha watoto kupanda. Huko Kasugho, katika eneo la Lubero, Kivu Kaskazini, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wajibu huo unamhusu gorila yatima, mnyama ambaye hakuwahi kumtumikia mtu yeyote, nao ni mgumu zaidi, kwa sababu farasi huishi vizuri popote penye mtu mwema, ilhali gorila kadiri anavyozoea watu ndivyo anavyopungukiwa na yale atakayoyahitaji msituni.

Gorila hao ni wa jamii ya Grauer, ambao makao yao ya asili ni misitu ya mashariki ya Kongo peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kufikia 17,000 hivi, lakini makadirio yaliyotangazwa mwaka 2016 yalikuta wamebaki 3,800 tu. Hesabu za baadaye zimepandisha idadi hadi 6,800 hivi, jambo la kufariji kidogo, ingawa bado wamo katika kundi la wanyama waliokaribia kabisa kutoweka. Vita vya eneo hilo vilijaza silaha msituni, na machimbo ya koltani na dhahabu yaliingiza humo watu wengi wanaoishi kwa nyama ya porini. Mtoto wa gorila anayeuzwa barabarani ana mauaji nyuma yake, kwani wakubwa humtetea mpaka kufa, na mwindaji huwamaliza wao kwanza ndipo amchukue.

Kituo cha GRACE, kinacholea gorila yatima na kutoa elimu ya uhifadhi, kilianzishwa Kasugho mwaka 2009, jirani na Hifadhi ya Tayna, ambayo nayo iliasisiwa kwa hiari ya watawala wa kimila wa Batangi na Bamate. Mwezi Aprili 2010 gorila wanne wa kwanza waliletwa kutoka Goma kwa helikopta ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, nao wakaondokana na makazi ya mjini yaliyokuwa ya muda tu.

Yatima anapofika hutengwa kwanza, kwa kuwa mafua ya kawaida ya binadamu yanaweza kumuua yeye na wenzake, na mlezi anayemnywesha maziwa na kumbeba kifuani hufunika mdomo na pua kwa barakoa. Ulezi huo wa mtu hauna budi kuwa mfupi. Baada ya karantini mtoto huonyeshwa kundi kupitia wavu wa chuma, wakanusana na kugusana vidole, na ikiwa jike mzima ataonyesha kumtaka, huachiwa amlee. Hapa ndipo umri unapokuwa na thamani ambayo hakuna mshahara unaoweza kuinunua: majike wakubwa, ambao wenyewe waliwahi kufika wakiwa yatima, ndio wanaowafundisha wadogo kuchagua majani, kutandika matawi ya kulalia na kumheshimu mkubwa. Darasa lao ni msitu uliozungushiwa uzio wa umeme.

Swali la kama malezi hayo yanatosha lilijibiwa mbali kidogo na Kasugho, katika Mlima Tshiaberimu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambako gorila wa porini walikuwa wamebaki wanane tu, idadi ndogo mno kwa kizazi kuendelea. Majike wanne kutoka GRACE, ambao ni Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walipelekwa huko, wakakaa kwanza ndani ya uzio ili wazoee baridi na mimea ya mlimani. Kuchagua majike kulikuwa uamuzi wa busara, maana kwa desturi ya gorila jike huhama kundi alilozaliwa na kuolewa kwingine, ilhali dume mgeni angepokewa kwa vita. Dume wa porini aitwaye Mwasa, aliyekomaa hadi manyoya ya mgongo yakageuka rangi ya fedha, alifika mwenyewe kwenye uzio, nao majike wakaanza kulala karibu naye upande wa ndani. Wahifadhi walipoona hivyo waliufungua uzio, na mwezi Oktoba 2024 majike hao wakaingia porini, mlima ukafikisha gorila kumi na wawili.

Kwa haki ni lazima ikubaliwe kwamba kazi hii ni ya gharama na ya polepole, na kwamba majike wanne hawafidii maelfu waliopotea. Njia nafuu kuliko zote ni mtoto kutoondolewa kwa mama yake. Msomaji atakayeonyeshwa mtoto wa gorila sokoni au barabarani asimnunue hata kwa huruma, kwa kuwa fedha hizo humlipia mwindaji safari ya pili. Atoe habari kwa askari wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo, walio karibu naye.