Kabla ya kutangaza kufilisika, muone wakili

Mhamiaji aliyezama katika madeni nchini Marekani anaweza kuiomba mahakama impe nafuu, lakini njia hiyo ina mitego ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha kunasa.

Miongoni mwa Waafrika Mashariki neno muflisi hubeba aibu. Ndiyo maana wengi hunyamaza mpaka mshahara uanze kukatwa kwa amri ya mahakama, au nyumba ikaribie kupigwa mnada.

Sheria ya Marekani, hata hivyo, haimhesabu muflisi kuwa mhalifu. Ombi lake linapopokelewa na mahakama ya shirikisho, wadai wengi hulazimika kusitisha mara moja simu, kesi na makato ya mshahara.

Njia mbili

Watu binafsi hutumia zaidi Sura ya 7 na Sura ya 13 za sheria hiyo.

Chini ya Sura ya 7, mfilisi huuza mali isiyokingwa na sheria na kuwagawia wadai fedha, kisha madeni mengi yaliyosalia hufutwa. Chini ya Sura ya 13, mdaiwa hubaki na mali yake, lakini hulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5.

Tangu marekebisho ya mwaka 2005, mwenye kipato kikubwa anaweza kuzuiwa kutumia Sura ya 7.

Si kila deni hufutika. Matunzo ya watoto hubaki palepale, na mikopo ya masomo hufutwa kwa nadra.

Kiwanja cha nyumbani

Mtego mkubwa kwa walio ughaibuni ni mali iliyoko nyumbani. Mwombaji hutakiwa kutaja, kwa kiapo, mali yake yote popote duniani ilipo: kiwanja cha Kigamboni, shamba la Kitale, hata fungu lake la upatu.

Nyumba aliyoijenga kwa fedha zake ikaandikwa kwa jina la mama ni suala la kumuuliza wakili, si la kujiamulia.

Kuficha mali kwa makusudi ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miaka 5 jela. Kwa asiye raia, hukumu ya udanganyifu yaweza pia kuhatarisha kibali chake cha ukaazi.

Mtego wa pili ni utu wema. Mtu humlipa kwanza kaka au mjomba aliyemkopesha, ndipo aende mahakamani. Malipo hayo, yakiwa yamefanyika ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi, mfilisi anaweza kumdai ndugu huyo ayarejeshe.

Wa tatu ni kutoa akiba ya uzeeni ili kulipia kadi za mkopo, ilhali akiba hiyo kwa kawaida hukingwa na sheria.

Nani wa kumwendea

Sheria haimlazimishi mtu binafsi kuwa na wakili. Lakini mjazaji wa fomu anayetoza bei nafuu haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria, na mwenye kubeba lawama ya kosa ni aliyetia saini.

Tafuta wakili wa masuala ya kufilisika. Wengi hawatozi ada kwa mazungumzo ya kwanza, na yanayosemwa hapo ni siri. Chukua hati za mshahara, kodi, madeni na mali, za huko na za nyumbani. Asiye na uwezo aulize ofisi za msaada wa kisheria.

Muulize pia kama kufilisika kunahitajika kweli. Rekodi ya Sura ya 7 yaweza kubaki katika taarifa za mikopo kwa miaka 10, na wakati mwingine mapatano na wadai hutosha.

La msingi ni wakati. Wakili anayeonwa kabla mali haijahamishwa na ndugu hajalipwa ana mengi ya kuokoa. Anayeonwa baadaye hubaki kueleza tu yaliyokwisha kutendeka.