Ufagio wa Kiume, Sabuni ya Kike

Kwa Wajerumani ufagio ni wa kiume, sabuni ni ya kike, na taulo si huku wala kule: "der Besen, die Seife, das Handtuch." Ukimwuliza Mjerumani sababu, atakuambia ndivyo ilivyo. Wanafunzi wangu wa Kijerumani hapa Mombasa hucheka, kisha malalamiko huanza: mwalimu, mbona Kiingereza kina "the" moja tu? Nami huwauliza kwa nini wao husema ufagio umevunjika, sabuni imekwisha, taulo limelowa. Kimya. Hakuna aliyewakaririsha hayo. Waliyanywa pamoja na uji.

Huo ndio ugomvi wangu na jinsi somo hili linavyofundishwa. Mtoto anapelekwa kwenye Kijerumani kwa njia ya Kiingereza, lugha isiyogawa nomino zake kwa ngeli wala kwa jinsia, halafu tunashangaa akiona der, die na das ni mateso. Ngeli zetu zinapita kumi. Wao wana makundi matatu tu!

Kwa hiyo darasani kwangu ni marufuku kuandika "Besen" peke yake daftarini. Inaandikwa "der Besen", kwa kalamu ya buluu. Za kike nyekundu, zisizo na jinsia kijani. Dalili chache husaidia: nomino inayoishia na -ung, -heit au -keit ni ya kike, na inayoishia na -chen haina jinsia, hata ikiwa ni "das Mädchen", yaani msichana. (Siku hiyo darasa halitulii tena.) Maneno yakiungana, la mwisho ndilo linaloamua. Mkono, "die Hand", ni wa kike, lakini "das Tuch", kitambaa, kinakuja nyuma, basi taulo linakuwa "das Handtuch".

Kazi nzito iko mbele. Ufagio ukiwa ndio unaozungumziwa, ni "der Besen ist neu". Ukinunuliwa, "ich kaufe den Besen". Ukifagiliwa, "ich fege mit dem Besen". Ufagio ni uleule. Kilichobadilika ni kazi yake katika sentensi. Sisi kazi hiyo ya tatu tunaionyesha kwa neno "kwa": nafagia kwa ufagio. Habari njema ni kwamba kitu kinapotendwa moja kwa moja, ni "der" tu inayogeuka. "Die" na "das" hukaa palepale. Habari mbaya huja baada ya aus, bei, mit, nach, seit, von na zu, ambapo "die" inageuka kuwa "der": "mit der Seife". Mwanafunzi aliyeshika kwamba "der" ni ya kiume hujiona ametapeliwa. Hayo maneno saba nawaimbisha mpaka walimu wa madarasa ya jirani wamenichoka.

Kwenye saa ndiko wengi wanakoangukia, hasa katika mtihani wa kusikiliza. "Halb sechs" si saa sita na nusu kwa hesabu yoyote ile. Ni nusu saa kabla ya sita ya Kizungu, yaani kwetu saa kumi na moja na nusu. Anayepitia Kiingereza huandika saa kumi na mbili na nusu na kupoteza alama. Mimi huwaambia wafikirie kasorobo: tunaposema saa kumi na mbili kasorobo, macho yetu yako kwenye saa inayokuja. Mjerumani hufanya hivyo hata kwenye nusu. Na katika tarakimu, waliopitia madrasa hunitangulia. "Fünfunddreißig" ni tano na thelathini, na Kiarabu nacho huanza na ile tano.

Sasa sema unaamka saa hiyo: "Um halb sechs stehe ich auf." Sentensi ikianza na wakati, kitenzi hubaki nafasi ya pili na "ich" hukipisha. Kisha "auf" hutupwa mwisho kabisa. Ukiisahau, hujaamka, umesimama tu.

Niliwahi kumfundisha kijana ambaye mjomba wake huwauzia Wajerumani vinyago ufuoni Diani. Aliongea Kijerumani cha biashara bila kigugumizi, na bila der wala die. Katika mazungumzo aliwapita wenzake wote. Katika karatasi ya sarufi alipasuka. Sikumkataza lugha ya mjomba, maana msamiati wake wa bei, rangi na ukubwa ulikuwa hai kuliko wa kitabu chetu. Nilimtaka aandike kila jioni biashara moja ya siku hiyo, kila nomino na der, die au das yake. Baadaye alifanya pia mtihani wa A1, ngazi ya kwanza, wa Goethe-Institut, ambao mtu hupasi kwa alama 60 kati ya 100, na kuzungumza kukambeba.

Kilichomsumbua hadi mwisho ni barua, na wengi ni hivyo. Kwa rafiki wa kike ni "Liebe Anna", wa kiume "Lieber Paul", kisha mkato. Mstari unaofuata huanza kwa herufi ndogo, isipokuwa neno la kwanza ni nomino au ni "Sie" ya heshima, ambayo rafiki haandikiwi. Mwishoni weka "Viele Grüße" bila mkato, na jina lako mstari wa chini.