Uwanja wa shule usio na kivuli ni suala la afya, wazazi tuliseme

Siku moja ya Februari, mnamo saa nne na nusu asubuhi, aliletwa katika zahanati yetu hapa Dar es Salaam mtoto wa darasa la tatu, amebebwa mgongoni na mwalimu wake. Alikuwa amesimama mstarini karibu saa nzima, ndani ya sweta, akimsubiri mgeni rasmi. Jasho linamtiririka, kichwa kinamuuma, ametapika, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Mama yake alipofika, neno lake la kwanza lilikuwa, "Hiyo malaria, daktari." Tulipima, hakuna malaria. Tulimvua sweta na soksi, tukamlaza chini ya feni, tukampangusa kwa kitambaa chenye maji, tukamnywesha ORS kidogo kidogo. Baada ya muda akauliza kama kuna chapati.

Mtoto yule aliishiwa nguvu kwa joto. Alhamdulillah aliwahiwa. Lau angeachwa, hali ingeweza kufikia pale ambapo mwili unawaka, nyuzi 40 na zaidi, mtoto anaweweseka au anapoteza fahamu. Hapo tena si suala la ORS. Usimnyweshe kitu aliyepoteza fahamu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na wakati huohuo akimbizwe hospitali.

Kwa nini pwani yetu inachosha hivi? Mwili hujipoza kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Hewa yetu imejaa unyevu, jasho halikauki upesi, hivyo nyuzi 32 za Dar es Salaam zinaumiza kuliko nyuzi hizohizo mahali pakavu. Ongeza bati lisilo na dari na uwanja mtupu unaorudisha joto la jua usoni kwa mtoto.

Nami nina mtoto katika shule hiyo, kwa hiyo nilikwenda kuutazama uwanja kwa jicho la tabibu. Watoto mamia, mti mmoja. Wakati wa mapumziko wote wamejibana ubavuni mwa choo kwa sababu ndipo penye kivuli. Kiangazi ni vumbi, na vumbi ndilo linaloniletea macho mekundu na watoto wa pumu. Masika maji yanatuama, na yanayobaki ndani ya makopo na matairi yaliyotupwa ni mazalio ya mbu wa dengue, ambaye huuma mchana, watoto wakiwa shuleni. Jiji hili lilishaonja mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019.

Katika mkutano wa wazazi ajenda ilikuwa mchango wa kusakafia uwanja wote kwa saruji ili tope liishe. Tope ni kero, sikatai. Lakini saruji hainywi maji, na jua likiwaka inageuka kikaango. Bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya wajukuu alisimama akasema, "Mwalimu, sisi tulisomea chini ya mkungu. Hawa mnataka kuwasomesha juu ya chuma cha kukaangia?" Watu walicheka, lakini hoja ilipita kuliko maelezo yangu yote ya kitabibu.

Wenzetu walioanza na sakafu ngumu sasa wanaibomoa. Joto la mwaka 2003 liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, na tangu 2018 jiji la Paris limekuwa likiondoa lami katika viwanja vya shule, likipanda miti na kuacha udongo unywe mvua. Wenzetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule Machi 2024 kwa sababu ya joto.

Tulikubaliana hivi: saruji iwe njia nyembamba tu kati ya madarasa, mtaro uchimbwe kupeleka maji kwenye mashimo ya miti, na ipandwe mikungu, mizambarau na miarobaini. Minazi tuliikataa karibu na madarasa, nazi haina adabu. Mibono nayo tuliikataa kabisa kwenye uzio. Watoto hula mbegu zake kwa kudhani karanga, wakaletwa kwangu wanatapika na kuharisha. Maembe niliyatilia shaka kwa sababu kila msimu nafunga mikono iliyovunjika, lakini nilishindwa kwa kura.

Kupanda si kazi. Kazi ni likizo ya Juni, mvua zimekwisha, shule imefungwa na mbuzi wa mtaani hawajafunga. Tulipanga zamu kwa mtaa, kila familia ikapewa mche wake. Msikiti wa jirani umekubali bomba la maji ya udhu lielekezwe kwenye mtaro wetu, maana yalikuwa yakipotelea barabarani. Sote tulisoma madrasa kwamba kupanda mti ni sadaka. Basi na kuumwagilia kuhesabiwe humohumo.

Jambo jingine ni Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, kilele cha joto letu. Asiyebaleghe hajafaradhishiwa swaumu. Anayejizoeza na afanye, lakini akizungukwa na kizunguzungu afunguzwe bila kuaibishwa, na mwalimu asimsimamishe juani. Mabinti wavae mtandio wa pamba, mwepesi. Ule wa nailoni unafungia joto kichwani.

Hadi naandika, kati ya miche 20 iko hai 13. Ila limezuka la fremu za maduka: kuna wanaotaka upande wa barabarani, penye miche saba, zijengwe fremu ili shule ipate kodi. Wazazi tumeandika barua kwa kamati ya shule tukaomba mkutano, nao umepangwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Bibi wa mkungu ameahidi kufika mapema.