Nywila Zinapokataa Seva Mpya

Tuchukue ofisi ya uwakala wa forodha mjini Tunduma. Ijumaa jioni inahamisha tovuti yake kwenda seva mpya. Kurasa zinafunguka, na orodha ya mizigo inayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, iko kamili. Jumatatu asubuhi simu zinaanza kuita: mwenye malori yuko Dar es Salaam, mwenye mzigo yuko Lubumbashi, na wote wanaambiwa nywila si sahihi, ingawa ni ileile waliyoitumia wiki iliyopita.

Wateja hawajakosea. Tovuti iliyojengwa vizuri haihifadhi nywila yenyewe. Unapojisajili, nywila hupitishwa kwenye hesabu isiyorudi nyuma, na kinachobaki kwenye kanzidata ni matokeo yake, yaani heshi. Ukirudi kesho, seva hurudia hesabu ileile kwa ulichoandika, kisha hulinganisha. Kwa hiyo fundi hawezi kuzisoma nywila kwenye seva ya zamani na kuziandika upya kwenye mpya. Akikuambia anaweza, ujue nywila za wateja wako zilikuwa wazi tangu mwanzo.

Tatizo ni kwamba hesabu hizo ni nyingi na kila zama ina yake. Robert Morris na Ken Thompson walieleza ile ya mfumo wa Unix mwaka 1979. Hiyo ilisoma herufi 8 za mwanzo tu na kuacha zilizobaki. Mtu aliyeweka nywila «Tunduma2019» angeweza kuingia hata kwa kuandika «Tunduma2016», kwa sababu herufi ya 8 ni ile 2. Baadaye ikaja MD5, ambayo leo huvunjwa haraka mno, kisha bcrypt mwaka 1999, na Argon2 iliyoshinda shindano la kimataifa mwaka 2015.

Heshi ya bcrypt ina herufi 60, nayo hujitambulisha yenyewe: ikianza na $2y$10$, sehemu ya kwanza inataja aina ya hesabu, na 10 ni kiwango cha ugumu wake. Hapo ndipo uhamisho huharibika. Wakati mwingine jedwali jipya limetengewa herufi 50, hivyo 10 za mwisho hukatwa kimyakimya na hakuna nywila itakayolingana tena. Wakati mwingine programu ya seva mpya inaitambua $2b$ lakini haijui $2y$, alama inayotumiwa na lugha ya PHP, ingawa hesabu ni ileile. Hapo kubadilisha herufi moja kunatosha. WordPress nayo ilihamia bcrypt katika toleo la 6.8, Aprili 2025, ikaweka $wp mwanzoni mwa heshi zake mpya. Ukiihamishia tovuti ya WordPress kwenye seva yenye toleo la nyuma, heshi hizo hazitatambuliwa. Na zipo tovuti zinazochanganya nywila na ufunguo wa siri uliowekwa kwenye faili la mipangilio. Faili hilo likisahaulika kwenye seva ya zamani, heshi zote zinakuwa hazina kazi.

Presha ya wateja ikipanda, hutokea mambo mawili ambayo nayakataa kabisa. La kwanza ni kumpa kila mtu nywila moja ya muda, kama 123456. La pili ni kuwaomba wateja watume nywila zao kwa WhatsApp ili fundi «aziingize». Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini Tanzania, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Lakini hata kabla ya sheria, fikiria madhara: anayeiona akaunti ya mwenye mzigo anajua gari gani limebeba nini na litafika mpakani lini.

Njia salama ni kuzihamisha heshi zilivyo, bila kuzigusa, na kuifundisha seva mpya kuitambua hesabu ya zamani. Mteja anapoingia kwa mara ya kwanza, nywila aliyoiandika huhakikiwa kwa hesabu ya zamani, kisha papo hapo hutengenezewa heshi mpya ya bcrypt au Argon2 na ile ya zamani hufutwa. Mteja hahisi chochote. Kwa ambao hawajarudi, heshi ya MD5 yenyewe inaweza kupitishwa ndani ya bcrypt, ili isibaki uchi kwenye kanzidata ikimsubiri mwenyewe.

Kubadilisha nywila kwa ujumbe wa simu ni njia ya mwisho, na mpakani ina tabu zake. Wengi wana laini mbili, ya +255 na ya +260, na iliyosajiliwa kwenye tovuti huenda imezimwa mtu akiwa Lusaka. Thibitisha namba kwanza, ukiwa bado kwenye seva ya zamani. Fungua pia akaunti moja ya majaribio huko, uihamishe pamoja na nyingine, na ujaribu kuingia kwayo kabla ya kuelekeza anwani ya tovuti kwenye seva mpya. Ikikataa, seva ya zamani bado inahudumia wateja, na una muda wa kuhesabu herufi za heshi moja ya bcrypt uone kama zimetimia 60.