Kutangaza Biashara kwa Simu: Nambari ya Kikundi ni Mali ya Nani?



Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini ukifika stendi ya Kitengela utaambiwa kinyume chake: biashara ni matangazo. Katika mikutano yetu tumeona akina mama wazee wakishikilia methali ya kwanza na vijana wakishikilia msemo wa pili, mpaka kikao kinaisha kabla hatujafika kwenye hesabu ya pesa. Sisi tunaona kila upande una ukweli wake. Katika ukurasa huu tutaeleza namna ya kutangaza bidhaa za kikundi kwa WhatsApp na Facebook. Halafu tutazungumzia jambo ambalo vikundi vingi havilifikirii mpaka maji yamezidi unga: hiyo simu ya biashara ni mali ya nani?

KWA NINI TUHANGAIKE NA SIMU?

Kitengela imekua haraka sana. Familia nyingi zinazoishi hapo hutafuta riziki Nairobi au kwenye viwanda vya Athi River. Wanatoka alfajiri, wanarudi usiku. Mtu kama huyo hana nafasi ya kungoja siku ya soko. Maziwa, mayai, maji, gesi, hata mboga, anaagiza kwa simu kupitia grupu la WhatsApp la mtaa wake, awe anaishi Noonkopir, Milimani au Yukos.

Huku nyuma, kuanzia Isinya hadi Bissil, kuna vikundi vyenye mayai ya kienyeji, kuku, asali na kazi za shanga. Baada ya mvua kukosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, familia nyingi za Kajiado zilipoteza ng'ombe, na mzigo wa nyumba ukaangukia kuku na shanga za akina mama. Mwenye bidhaa yuko huku, mnunuzi yuko kule, na katikati yao yuko broka. Simu inaweza kuwakutanisha.

Wengine hutuambia, "Hayo ni mambo ya watu wa Nairobi." Si kweli. Mnamo 2012 chifu wa Lanet Umoja huko Nakuru, Bw. Francis Kariuki, alijulikana duniani kwa kutumia Twitter kuwajulisha wananchi wake habari za wizi na mifugo iliyopotea. Wenye simu za kawaida waliupata ujumbe kama SMS. Alisema mambo mafupi yenye mahali na jambo lenyewe, na watu waliitikia kwa sababu walimfahamu. Hapo kuna somo kwetu: simu inafikisha sauti yako mbali, lakini imani ya watu unaijenga wewe mwenyewe.

HATUA ZA KUANZA

1. Tumieni WhatsApp ya biashara. WhatsApp Business ilianza 2018 na kuipakua ni bure. Mnalipia bando tu. Ndani yake mnaweza kuandika jina la kikundi, mahali mlipo, saa za kazi, na orodha ya bidhaa zenye picha na bei. Pia ina ujumbe wa kumkaribisha mteja anayeandika wakati ninyi mko shambani.

2. Ombeni wateja wahifadhi nambari yenu. Picha mnayoweka kwenye status hukaa saa 24 tu, na huonekana na watu waliohifadhi nambari yenu, nanyi mkiwa mmehifadhi yao. Kuna vikundi vinaweka picha kila siku na kulalamika kwamba hakuna anayenunua, kumbe wanaoona ni wanakikundi wenyewe! Kwa hiyo kila mnapouza, hata sokoni, mwambieni mteja: "Tafadhali tuweke kwenye simu yako, nasi tukuweke." Kazi ya kwanza ni hiyo.

3. Pigeni picha ya kweli. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Pigeni asubuhi au jioni, jua likiwa halijawa kali. Tandikeni kitambaa cha rangi moja, maana shanga juu ya shuka ya mistari hazionekani. Wekeni mkono karibu na bidhaa ili mtu ajue ukubwa wake. Msichukue picha ya kazi ya wengine, wala msizidishe rangi. Kitabu cha Mithali kinakataza mizani ya udanganyifu, na picha ni mizani pia. Mteja aliyeona shanga nyekundu akapokea za rangi ya chungwa hatarudi, na atawaambia majirani.

4. Andikeni bei. Siku hizi watu wanapenda kuandika "bei inbox". Mnunuzi anayerudi nyumbani saa mbili usiku amechoka hana nguvu ya kubembeleza bei. Tangazo zuri ni kama hili: "Mayai ya kienyeji kutoka Isinya. Trei shilingi 550. Tunaleta Kitengela Jumanne na Ijumaa. Agiza kabla ya saa kumi jioni siku ya kutangulia." Maneno ni machache, na kila swali limejibiwa.

5. Fuateni kanuni za grupu la mtaa. Mengi yana siku maalumu ya matangazo, na lazima kwanza umwombe msimamizi ruhusa. Ukimwaga matangazo usiku kucha utaondolewa, na jina la kikundi litaharibika.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Ninyi wekeni bei za kwenu. Broka ananunua trei kwa shilingi 400. Mteja wa Kitengela analipa 550. Faida inayoonekana ni 150 kwa kila trei.

Mkipeleka trei 10, mmepata 1,500 zaidi ya bei ya broka. Sasa toeni nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi 300, mzigo 200, boda boda ya kuzunguka mitaani 300, bando 100, na mayai yaliyovunjika nusu trei, yaani 275. Jumla ya gharama ni 1,175. Kinachobaki ni shilingi 325.

Mkipeleka trei 4 tu, mmepata 600. Nauli ni ile ile 300. Tuseme mzigo ni 100, boda boda 200 na bando 100. Jumla ni 700. Mmepoteza shilingi 100, hata kama hakuna yai lililovunjika!

Ndiyo sababu tunasema mkusanye oda za siku mbili tatu, mpeleke pamoja. Na msimfukuze broka kwa matusi. Kuna wiki ambazo oda ni chache, na yeye ananunua trei zote kwa pesa taslimu. Mweleze tu kwamba sasa mnaijua bei ya Kitengela. Hata hiyo peke yake itawasaidia mnapopatana naye.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Sasa tufike kwenye swali letu. Kikundi kimoja cha akina mama wa shanga tunachokifahamu kilianza vizuri. Katibu wao alikuwa binti mwenye simu nzuri na mkono mwepesi wa kupiga picha. Baada ya mwaka mmoja, oda za simu zilikuwa zimepita mauzo ya sokoni. Kisha binti akaolewa na kuhamia mjini. Alikwenda na simu, na ndani ya simu mlikuwa na nambari, ukurasa wa Facebook na majina ya wateja wote. Wateja waliendelea kuagiza, naye aliendelea kuuza, lakini sasa alinunua shanga kwa watu wengine waliokuwa karibu naye.

Akina mama walimwita mwizi. Yeye akajibu: "Laini nimesajili kwa kitambulisho changu. Bando nilinunua mwenyewe. Usiku ninyi mkilala, ni mimi niliyekuwa nikijibu wateja. Nimeiba nini?"

Tulipoitwa kusuluhisha, tulifungua kitabu cha kumbukumbu za mikutano tangu ukurasa wa kwanza. Hakukuwa na mstari hata mmoja kuhusu simu. Kosa lilikuwa letu pia, kwa sababu ni sisi tuliowafundisha kupiga picha na kupanga bei, na swali hili hatukuliuliza. Baada ya vikao vitatu walikubaliana. Binti alirudisha ukurasa wa Facebook. Kikundi kilinunua laini mpya, naye akawaandikia wateja wote nambari hiyo mpya. Nao wakakubali kumlipa sehemu fulani kwa kila oda anayowaletea kutoka mjini. Lakini si wateja wote waliofuata nambari mpya, na kuna akina mama wawili ambao hadi leo hawasalimiani naye.

KUFULI TATU

Vikundi vya kuweka na kukopa vinajua sanduku lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu, na sanduku linawekwa na mtu wa nne. Hakuna anayesema kwamba kufuli ni matusi kwa mweka hazina. Zinamlinda hata yeye asisingiziwe. Simu ya biashara nayo ifungwe namna hiyo.

Kufuli ya kwanza ni maandishi. Nunueni laini ya kikundi, msitumie ya mtu binafsi. Kama inasajiliwa kwa kitambulisho cha mwanachama mmoja, andikeni katika kumbukumbu, na wote watie sahihi: laini hii, ukurasa huu na orodha ya wateja ni mali ya kikundi, fulani anaishika kwa niaba yetu, akiondoka atairudisha. Ingizeni jambo hili katika katiba ya kikundi. Na laini isikae bila kutumika, kwa maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na nambari kupewa mtu mwingine.

Kufuli ya pili ni namba za siri. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili au zaidi. Kwenye WhatsApp washeni uthibitishaji wa hatua mbili, wenye namba ya siri ya tarakimu 6. Iandikeni kwenye karatasi, ifungwe ndani ya bahasha, ikae na mwenyekiti. Mtu yeyote akipiga simu akitaka tarakimu 6 zilizoingia kwa SMS, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu, msimpe. Mkimpa, atachukua WhatsApp yenu na kuwaomba wateja pesa kwa jina lenu.

Kufuli ya tatu ni pesa. Anayejibu wateja asiwe ndiye anayepokea malipo. Kama mnaweza, pateni nambari ya Lipa na M-Pesa yenye jina la kikundi, ili mteja aone analipa nani. Mweka hazina asitosheke na ujumbe uliotumwa na mteja, maana jumbe za uongo ni nyingi. Aangalie salio kabla mzigo haujaondoka. Kila wiki oda zisomwe mbele ya wote pamoja na malipo yake.

Juu ya yote, mlipeni anayeshika simu. Bando litoke kwenye mfuko wa kikundi, na apewe posho hata ikiwa ndogo. Kumjibu mteja saa tatu usiku ni kazi kama kutunga shanga. Yule binti hakuwa na tamaa tangu mwanzo; alichoshwa na kazi ambayo hakuna aliyeihesabu.

PICHA ZA WATU

Neno la mwisho ni juu ya heshima. Picha ya koko akitunga shanga inavutia wateja, lakini uso ni wake. Mwelezeni picha itakwenda wapi, na akikataa, pigeni picha ya mikono na kazi yake, mradi naye akubali. Watoto msiwaweke bila idhini ya wazazi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza faini shule moja iliyotumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2014, alisema intaneti ni zawadi kutoka kwa Mungu kwa sababu inawapa watu nafasi ya kukutana. Tuipokee hivyo. Lakini hata shamba ni zawadi ya Mungu, na bado ndugu hupimiana mipaka mapema ili wasije wakapigana baadaye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nambari tunayotumia kuuzia imesajiliwa kwa jina la nani? Akihama kesho, tutabaki na nini?

2. Ni wateja wangapi wamehifadhi nambari yetu? Tuhesabu, tusikisie.

3. Tukitoa nauli, boda boda na bando, oda inatakiwa kuwa na ukubwa gani ili tusipate hasara?

4. Anayejibu wateja wetu analipwa nini? Je, tumewahi kumuuliza kama anaridhika?

5. Katika mkutano ujao, nani ataandika uamuzi wetu kuhusu simu, na nani watatia sahihi?

Mungu abariki kazi za mikono yenu.