Tiba ya Drama: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa Karo

Mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, haukosi vijana wenye kipaji cha kuigiza. Wengine wamepitia tamasha za drama za shule, na sasa wanataka kipaji hicho kiwasaidie wanaoumia moyoni. Hilo ni jambo jema, ila njia za kufika huko hazilingani kwa bei wala kwa uzito wa cheti.

Kwanza, jua unachonunua. Katika tiba ya drama, kwa mfano, mtoto aliyefiwa na baba huweza kuwekewa viti viwili, kimoja chake na kingine cha marehemu. Huongea, kisha huhamia kiti cha pili na kujijibu. Kilio alichokibana kwa miezi kinaweza kumtoka hapo. Mtaalamu lazima ajue lini amwache aendelee, lini amsimamishe, na atamtoaje kwenye uigizaji kabla hajaenda nyumbani. Ujuzi huo haupatikani kwa warsha ya wikendi.

Sasa, njia zenyewe ni nne. Kusomea nje. Uingereza, jina la mtaalamu wa tiba ya drama linalindwa na sheria, na kulipata kunahitaji shahada ya uzamili. Karibu zaidi, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, hufundisha fani hii kupitia Drama for Life. Mafunzo ni ya kina, lakini juu ya karo kuna viza, nauli ya ndege na kodi ya nyumba. Tena, mafunzo ya aina hii kwa kawaida humtaka mwanafunzi naye apate tiba kwa mtaalamu.

Shahada ya ushauri nasaha au saikolojia. Mkazi wa Lucky Summer ana bahati: Chuo Kikuu cha Kenyatta, USIU-Africa na Pan Africa Christian University vyote viko upande wa Thika Road. Kigezo cha kujiunga na shahada ni alama ya C+ katika mtihani wa KCSE. Ukipangiwa nafasi Kenyatta na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, unaweza kuomba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB. Kenyatta pia ina idara ya sanaa za maonyesho, kwa hiyo jukwaa halitakuwa mbali nawe. Vyuo vya kibinafsi ni ghali zaidi. Ulizia jumla ya karo hadi mahafali, usiridhike na bei ya muhula wa kwanza.

Diploma ya ushauri nasaha. Hii ni nafuu na fupi. Amani Counselling Centre imefanya kazi ya ushauri nasaha Nairobi tangu 1979. Diploma inamfaa mwenye C- au anayefanya kazi mchana.

Kozi fupi ya drama. Ni nyongeza nzuri kwa aliyekwisha kusomea ushauri. Kwa asiye na msingi huo, ni pesa zilizopotea.

Kisha kuna gharama zisizoandikwa kwenye kijitabu cha chuo. Ukitumia shilingi 200 za matatu kwa siku, siku 3 kwa wiki, muhula wa wiki 14 unakula 8,400. Mihula 4 ni 33,600. Ongeza mafunzo ya kazini yasiyo na mshahara, pamoja na ada ya msimamizi anayepitia kesi zako.

Msimamo wangu ni huu: anza na ushauri nasaha hapa nchini, kisha ongeza drama. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hii. Cheti cha bei ya chini ambacho bodi haikitambui kitakugharimu mara mbili, kwa sababu utarudi darasani na kulipa upya.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa M-Pesa, uliza mambo matatu. Je, bodi inaitambua kozi hii kwa usajili? Saa za mazoezi na watu halisi ni ngapi, na nani atanisimamia? Nikikwama karo katikati, naweza kusimama kisha nirudi? Chuo kisichokujibu kwa maandishi, kiache.