Uzi wa Kupewa Una Kazi Yake

Huenda umeletewa mfuko wa nyuzi za kufumia. Pengine ni jamaa yako wa Dar es Salaam aliyeupakia katika basi la Kusini ukashushwa Ndundu, mahali ambapo magari yalingoja pantoni ya kuvuka Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Ndani ya mfuko mna madonge mawili ya samawati, moja jekundu lililokwisha nusu, na jingine lisilo hata karatasi ya kulieleza. Mtoaji ametoa kwa moyo mweupe. Mpokeaji hubaki akijiuliza afume nini.

Wengi wetu hutafuta kwanza mtindo unaotupendeza, kisha tukaulazimisha uzi uufuate. Hapo ndipo sweta hukosa mkono wa pili, au shali hutoka ngumu kama gunia. Uzi wa kununua huchaguliwa kwa kufuata kazi. Kwa uzi wa kupewa, kazi ndiyo inayofuata uzi.

Hekima hiyo si ngeni kwa akina mama wa Rufiji na Kibiti. Msukaji wa mikeka huutenga ukindu mwororo kwa mkeka wa kulalia au msala, na miyaa iliyo ngumu akaipeleka kwenye majamvi na vikapu. Hailaumu miyaa kwa kuwa si ukindu. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Basi, anza kwa kuujua uzi wako. Kama hauna karatasi, kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani yenye maji, nje ya nyumba na mbali na watoto, kisha kiwashe kwa kiberiti. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopukutika. Pamba huwaka kama karatasi. Akriliki na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Majibu hayo yana maana kubwa. Sufu huleta joto, lakini maji ya moto huifanya ijikunje na kusinyaa. Pamba hunywa jasho na hustahimili kufuliwa mara kwa mara, ila haivutiki sana. Akriliki hufuliwa kwa urahisi, lakini hainywi jasho. Kwa sababu hiyo, usichanganye sufu na akriliki katika vazi moja: siku ya kufua, upande mmoja utasinyaa na mwingine utabaki ulivyo. Uzi mwekundu uloweshe na uubane katika kitambaa cheupe, upate kujua kama unachuja rangi.

Kisha pima kiasi. Mizani ya dukani yatosha. Sweta la mtu mzima huweza kumaliza gramu 400 au zaidi. Mfuko wa madonge manne ya gramu 50 hauwezi kulikamilisha, hata ukiomba dua. Kwa vitu viwiliviwili, kama soksi, fuma cha kwanza ukipime. Ikiwa uzi uliobaki ni mwepesi kuliko soksi hiyo, simama hapo na ubadili shauri.

Sasa tuangalie hali ya kwetu. Katika joto la bonde la Rufiji, nani anahitaji sufu? Pamba nene yafaa kwa kitambaa cha kumwogeshea mtoto, na pamba nyembamba kwa vitambaa vya meza na vya makochi. Nailoni hutoa mfuko imara wa sokoni. Lakini yupo mmoja ambaye hata katika joto letu huweza kupata baridi, naye ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mtoto mchanga hutakiwa kuwa na joto la mwili kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Mtoto njiti ana mafuta machache chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, hivyo joto humtoka upesi.

Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianzisha njia ya kumlaza mtoto njiti kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ijulikanayo kama njia ya kangaruu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo ianze mara tu mtoto anapozaliwa. Mtoto huyo huvaa nepi, kofia na soksi tu. Joto lililobaki hutoka kifuani mwa mama. Kwa hiyo, donge moja la gramu 50, ambalo kwa mtu mzima si kitu, laweza kutosha kofia na jozi ya soksi.

Chagua uzi mwororo. Ujaribu kwanza shingoni mwako, na ukiwasha uache. Mtoto aliyetimiza miezi ana kichwa chenye mzunguko wa sentimeta 35 hivi, na njiti ana kidogo zaidi. Fuma kofia pungufu kwa sentimeta mbili au tatu, kwa kuwa ufumaji huvutika. Kama jaribio lako linatoa vitanzi 22 kwa sentimeta 10, basi vitanzi 70 vitakupa sentimeta 32 hivi. Usitie kamba, shanga wala vifungo. Ndani ya soksi usiache uzi unaoning'inia, maana huweza kukiviringa kidole cha mtoto na kuzuia damu. Fua, anika juani, kisha umwulize mkunga wa zahanati vipimo anavyovihitaji kabla ya kufuma vingine. Kofia yenyewe si tiba: mtoto mdogo mno apelekwe kwa wahudumu bila kuchelewa.

Na mtoaji je? Mpelekee habari. Mwambie donge lake jekundu limekuwa kitu gani na limemfaa nani. Akizisikia habari hizo, hatatupa tena mabaki ya uzi wake.